Kidole kisichosomeka: Ngozi ya uzee inavyowafungia milango wazee wa Busia na Tororo

BUSIA/TORORO

Katika miji pacha ya Busia, na hata Malaba upande wa wilaya ya Tororo, mzee anayefuata fedha yake ya serikali anaweza kudaiwa kitu ambacho hawezi kukinunua wala kukiazima kwa jirani: kidole kinachosomeka. Anaweka kidole gumba juu ya kioo cha mashine na mashine inakataa. Anakifuta kwa ncha ya leso, anakiweka tena, nayo inakataa tena. Anajaribu cha shahada, anajaribu mkono wa pili. Nyuma yake foleni imeanza kunung'unika. Mwisho anaambiwa arudi siku nyingine.

Kadi yake ni halali, na jina lake limo kwenye orodha. Majirani wanamjua tangu alipoolewa kijijini, na watoto aliowazalisha wengine leo ni watu wazima. Lakini mashine haimjui, na siku hizi neno la mashine ndilo la mwisho.

Ngozi inayozeeka huzungumzwa zaidi kwenye matangazo ya mafuta ya kujipaka, kana kwamba hasara yake ni sura tu. Mpakani hapa hasara hiyo inahesabika kwa shilingi. Kadiri Kenya na Uganda zinavyohamishia huduma zao kwenye utambuzi wa alama za vidole, ngozi iliyochoka imekuwa kikwazo cha kupata ruzuku, laini ya simu na matibabu. Wanaokwama zaidi ni wale wale ambao mipango hiyo ilianzishwa kwa ajili yao.

Ngozi inafanya nini

Mistari ya vidole huumbika mtoto angali tumboni, na mpangilio wake haubadiliki maishani. Hilo ndilo lililowafanya polisi, na baadaye serikali na benki, kuuamini kuliko sahihi au picha. Ila mpangilio kutobadilika hakumaanishi kwamba utaendelea kuonekana.

Umri ukienda, ngozi hupungua unene na unyevu. Protini ya kolajeni, inayoipa ngozi uimara, hupungua, na ngozi inapoteza ule mvuto wa kurudi mahali pake ikibonyezwa. Mistari iliyokuwa imeinuka inalala. Makunyanzi madogo yanaikata katikati, na mashine inayotafuta pale mstari unapoishia au unapogawanyika inakutana na alama zisizokuwepo siku ya kwanza. Aidha, mashine nyingi za bei nafuu zinahitaji kidole chenye unyevu kiasi ili kioo kipate picha nzuri. Kidole kikavu huacha picha yenye madoadoa tu.

Kazi nayo ina mchango wake. Mikono ya wazee wa ukanda huu imeshika jembe miaka hamsini au sitini. Imemenya muhogo, imepura wimbi na mtama, imefua kwa sabuni kali, imevuta nyavu na kuanika omena upande wa Ziwa Victoria. Tororo ni mji wa saruji tangu enzi za ukoloni, na saruji mbichi ina ukali wa alkali unaokula ngozi ya mfyatua matofali na mwashi. Upande wa Busia ya Uganda kuna machimbo madogo ya dhahabu, ambako mawe hupondwa na kuoshwa kwa mikono. Mtu aliyepitia kazi za namna hiyo hufika miaka 70 vidole vyake vikiwa laini kama kokoto ya mtoni.

Hivyo tatizo hili lina tabaka lake. Karani mstaafu aliyeshika kalamu maisha yake yote ana nafasi nzuri ya kusomwa na mashine kuliko bibi aliyelima. Mwenye shida zaidi ya ile ruzuku ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukataliwa.

Fedha iliyopo mezani

Upande wa Kenya, Busia ina nafasi ya pekee katika historia ya malipo kwa wazee. Katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipoanza kujaribu kuwapa wazee maskini fedha taslimu, ilichagua wilaya tatu za majaribio: Thika, Nyando na Busia. Mpango ulikua, ukaunganishwa na mingine chini ya jina la Inua Jamii, na mwaka 2018 serikali ikaanza kuwalipa wazee waliofikisha miaka 70 bila kujali kama ni maskini au la, mradi hawana pensheni nyingine. Kiwango ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na kwa miaka mingi zilitolewa kwa mafungu ya miezi miwili.

Uganda ilianza malipo ya mpango wake, unaojulikana kwa kifupi kama SAGE, mwaka 2011 katika wilaya chache za mwanzo. Wakati huo umri ulikuwa miaka 65, na 60 kwa Karamoja. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, wilaya mpya zilianza na wenye miaka 80 kwenda juu. Kiwango ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi.

Ukibadilisha fedha hizo kwa wabadilishaji wa hapo hapo mpakani, shilingi 2,000 za Kenya ni zaidi ya mara mbili ya shilingi 25,000 za Uganda. Wazee wawili wa ukoo mmoja wa Kisamia au wa Kiteso, mmoja amejenga mashariki ya mpaka na mwingine magharibi, hawapati sawa wala hawaanzi umri mmoja. Wanachoshiriki ni mlango wa kuingilia. Pande zote mbili serikali zimejenga malipo juu ya kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Kenya iliingiza utambuzi wa vidole katika malipo ya benki ili mtu athibitishwe mara mbili, kwa kadi na kwa mwili wake. Uganda ilifungamanisha SAGE na kitambulisho kinachotolewa na mamlaka ya usajili, NIRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 baada ya zoezi kubwa la usajili lililoanza mwaka 2014.

Mtu aliyesajiliwa mwaka 2014 akiwa na miaka 70 alitoa vidole vya mtu wa miaka 70. Leo amevuka 80, umri ambao wilaya mpya zilianza nao, na anaambiwa athibitishe kwa vidole ambavyo tangu hapo vimeongezewa zaidi ya miaka kumi ya jembe, maji na jua. Mashine inalinganisha watu wawili, mmoja aliyekuwepo na mwingine aliyepo.

Kidole kimoja, milango mingi

Kama ni ruzuku tu, pengine hasara ingehesabika kirahisi. Lakini kidole kimegeuka ufunguo wa nyumba nzima.

Nchini Uganda, mamlaka ya mawasiliano iliagiza mwaka 2018 kwamba laini za simu zisiuzwe bila mashine ya kusoma kitambulisho na kuthibitisha vidole vya mnunuzi. Mzee asiyesomeka akipoteza laini hurejeshewa kwa taabu, au ananunua kwa jina la mjukuu. Kwa kuwa fedha nyingi za kijijini sasa hupita kwenye simu, laini isiyo kwa jina lake ni mkoba wake uliomo mfukoni mwa mtu mwingine. Mtoto aliyeko Nairobi au Kampala akituma fedha ya dawa, anayeona ujumbe kwanza ni mwenye simu.

Nchini Kenya, mfumo mpya wa bima ya afya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulianza Oktoba 2024. Mwaka uliofuata Wizara ya Afya ilianza kuhamisha utambuzi wa wagonjwa kutoka kwenye namba za siri zinazotumwa kwa simu kwenda kwenye alama za vidole, ikilenga kuzuia madai hewa ya hospitali. Kwa kijana mwenye malaria hatua hiyo ni ya sekunde chache. Kwa mgonjwa wa miaka 78 aliyekaukiwa maji mwilini, kidole kikavu na chenye mikunjo ndicho anachokuja nacho kaunta.

Uchaguzi nao haukubaki nyuma. Tume za nchi zote mbili zimekuwa zikitumia mashine za vidole kuwatambua wapiga kura, na pande zote kanuni zimebidi kuacha nafasi ya njia mbadala kwa wale ambao mashine haiwatambui. Hapo kuna funzo. Pale ambapo kura ya mzee ina thamani kwa mwanasiasa, njia mbadala hupatikana siku hiyo hiyo. Katika foleni ya ruzuku, mzee huambiwa arudi mwezi ujao.

Gharama isiyoandikwa

Hesabu ya kukataliwa haipo kwenye vitabu vya wizara, lakini mzee anaijua. Tuseme bibi anaishi ndani ndani, mbali na kituo cha malipo, na boda boda inamtoza shilingi 5,000 za Uganda kwenda na 5,000 kurudi. Akikataliwa mara moja na kulazimika kurudi, ametumia 20,000. Katika 25,000 za mwezi mmoja, amebaki na fedha ya sukari na sabuni. Kama amesindikizwa, maana wengi hawawezi kupanda pikipiki peke yao, hesabu inageuka deni.

Akiambiwa tatizo ni kadi, mzigo unaongezeka. Kwa miaka mingi ada ya kupata kitambulisho kingine badala ya kilichopotea Uganda imekuwa shilingi 50,000, sawa na ruzuku ya miezi miwili. Kurekebisha tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa vibaya kunahitaji nyaraka ambazo mtu aliyezaliwa miaka ya 1930 au 1940, mkunga akiwa nyanya yake, hakuwahi kuwa nazo.

Kisha kuna gharama ya heshima. Katika boma la Kiteso au la Kijapadhola, kama ilivyo kwa majirani wao Waluhya na Wasamia, mzee mwenye fedha kidogo mkononi ana neno. Anamtuma mjukuu dukani, anachangia mazishi, anaingia kwenye kikundi cha kuweka akiba. Fedha ikikatika anarudi kuwa wa kuhurumiwa. Fedha ikiendelea kutoka lakini kwa kidole cha mtu mwingine, anakuwa wa kusubiri. Mipango ya nchi zote mbili inaruhusu mlezi au mpokeaji mbadala kuchukua fedha kwa niaba ya mzee asiyejiweza, na kwa wengi huo ndio mkombozi. Lakini mzee mwenye miguu na akili timamu, anayelazimika kumpa mtu mwingine mamlaka ya fedha yake kwa sababu tu ngozi imekwisha makali, anakuwa amevuliwa utu uzima wake. Wahenga walisema utu uzima dawa. Foleni ya mashine inaugeuza kuwa ugonjwa.

Kuna pia aibu ya hadharani. Kukataliwa na mashine mbele ya watu kunafanana na kushutumiwa. Anayekataliwa anaonekana kama aliyeleta kadi ya marehemu au aliyeghushi umri. Wengine huacha kufuatilia kabisa, nao hawamo katika takwimu ya walionyimwa. Huhesabiwa kama watu ambao hawakufika.

Hoja ya serikali ina uzito

Si haki kusema kwamba mashine zililetwa kwa ubaya. Malipo ya mkononi yalikuwa na mapato hewa, marehemu waliendelea kusaini, na maofisa wa chini walikuwa wakikata chao. Orodha safi inalinda fedha ya umma, na mtu mmoja kulipwa mara moja ni haki kwa wale wanaosubiri kuingizwa. Mpakani hoja hiyo ina nguvu zaidi. Si siri kwamba wapo watu wenye vitambulisho vya nchi zote mbili, na serikali zinahofu kumlipa mtu mmoja pande zote.

Lakini mfumo wowote wa utambuzi una makosa ya aina mbili. Unaweza kumkubali asiyestahili, na unaweza kumkataa anayestahili. Mjadala wa umma umejaa kosa la kwanza, kwa kuwa hilo linaitwa wizi na lina namba za ukaguzi. Kosa la pili halina jina wala mkaguzi. Mashine ikikazwa ili isidanganywe, idadi ya wanyonge wanaokataliwa inapanda, na ikilegezwa, wadanganyifu wanapita. Mahali pa kuweka kipimo hicho ni uamuzi wa kisera. Hata hivyo, umeachwa mikononi mwa mafundi na wauza mitambo kana kwamba ni suala la nyaya.

Ni vyema pia kukumbuka historia. Wakenya wa enzi ya ukoloni waliifahamu alama ya kidole kupitia kipande, hati ambayo wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye kidole gumba chenye wino kilikuwa sahihi ya asiyejua kusoma. Kidole cha wino hakikumkataa mtu kwa sababu kilishuhudiwa na binadamu. Leo shahidi ameondolewa, mashine imekaa mahali pake.

Yaliyofika mahakamani

Suala hili limeshafikishwa mbele ya majaji. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Huduma Namba iliyofunguliwa na Jukwaa la Haki za Wanubi pamoja na wenzake, ilitambua kwamba kuna sehemu ya wananchi walio katika hatari ya kuachwa nje kwa kukosa nyaraka au kwa kuwa na alama hafifu za vidole. Mahakama ilisema mfumo usiendelee bila kanuni kamili za kushughulikia hatari hizo, na ikazuia ukusanyaji wa vinasaba na wa taarifa za mahali mtu anapoishi kwa njia ya satelaiti. Oktoba 2021 mahakama ilibatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kwanza.

Upande wa Uganda, Juni 2021 mashirika ya ISER na Unwanted Witness pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York walitoa ripoti juu ya namna kitambulisho cha taifa kilivyowafungia milango wanawake wajawazito na wazee. Ripoti hiyo ilieleza habari za wazee ambao vidole vilivyochakaa viliwafanya wakose SAGE. Mwaka 2022 mashirika hayo mawili na taasisi nyingine ya afya yalifungua kesi Mahakama Kuu ya Kampala, yakitaka njia nyingine za utambulisho zikubaliwe katika huduma za afya na ruzuku ya wazee.

Katiba zenyewe haziko kimya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa familia yake na serikali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya taifa, inaitaka serikali kuandaa utaratibu wa ustawi na matunzo ya wazee. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee Januari 2016, nayo ikaanza kutumika Novemba 2024. Hakuna hata mmoja kati ya maandiko hayo uliosema haki hizo ni za wenye mistari ya vidole iliyo wazi.

Jumuiya iliyomsahau asiye mfanyakazi

Kwa msomaji anayefuatilia utangamano wa Afrika Mashariki, hadithi ya vidole inafunua pengo kubwa zaidi. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 24, 2018. Malori yanakaguliwa mara moja badala ya mbili. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi hiyo.

Neno lililobeba kila kitu hapo ni mfanyakazi. Bibi aliyezaliwa Funyula, akaolewa ng'ambo ya mpaka, akalima maisha yake yote na kuuza nafaka sokoni, hakuwahi kuajiriwa na mtu. Hana michango ya kuhamisha. Haki yake inategemea kadi ya upande mmoja, na kadi inategemea kidole. Ndugu zake wanaoweza kumshuhudia wako upande mwingine, kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye muhuri wake hauna nguvu kwenye ofisi ya upande huu. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipofanywa wilaya. Mipaka ya utawala imehama katika uhai wa wazee hawa, nao wakabaki pale pale.

Jumuiya imeweza kukubaliana juu ya fomu rahisi ya kuvushia mahindi na samaki wa mfanyabiashara mdogo. Kukubaliana juu ya kiwango cha chini cha kumtambua mzee si kazi ngumu kuliko hiyo.

Kwingine wamefanyaje

India, yenye mfumo mkubwa kuliko yote wa utambuzi wa mwili duniani, Aadhaar, imepita njia hii kabla. Vidole vya vibarua na wazee viliposhindwa, serikali ilikumbana na habari za watu waliokosa mgao wa chakula. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuhalalisha mfumo kwa ajili ya ruzuku, lakini ikasisitiza kwamba anayestahili asinyimwe kwa sababu mashine imeshindwa kumtambua. Mwaka 2021 India iliwaruhusu wastaafu kuthibitisha kila mwaka kwamba wako hai kwa picha ya uso kupitia simu, badala ya kidole.

Karibu zaidi, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mkazi mwenye sifa aliyefikisha miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Pale mpango ulitegemea kitambulisho cha Mzanzibari na pia ujuzi wa shehia, ambako sheha na majirani wanajua nani ni nani. Mfumo wa aina hiyo nao una upendeleo wake, na hakuna sababu ya kuutukuza. Lakini unaonyesha kwamba ushahidi wa watu bado unaweza kubeba mpango wa kisasa.

Uganda nayo imechukua hatua. Zoezi la kusajili upya na kuhuisha vitambulisho lililozinduliwa Mei 2025 linachukua pia mboni za macho. Hiyo ni nafuu ya kweli kwa asiye na vidole. Ila macho nayo huzeeka, na mwenye kovu la jicho hana uhakika wa kusomwa. Kuongeza mashine ya pili kunapunguza idadi ya wanaoachwa bila kuimaliza.

Kinachowezekana

Hatua za kwanza hazihitaji mkopo wa nje. Mhudumu aliyefundishwa huosha kidole cha mzee kwa maji ya vuguvugu, hukikausha, hukipaka mafuta kidogo na kukiacha kidogo kabla ya kukisoma. Hujaribu vidole vyote kumi, si viwili. Usajili unapohuishwa, mashine huhifadhi kidole kilicho bora zaidi, ambacho kwa mkulima huenda kikawa cha mwisho na si gumba. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ya maelekezo.

Hatua ya pili ni kanuni ya siku hiyo hiyo. Mashine ikishindwa, mzee asiondoke mikono mitupu. Ofisa alinganishe uso wake na picha ya kadi, na mashahidi wawili waliosajiliwa mapema, upande wa Uganda mwenyekiti wa LC1 na upande wa Kenya chifu msaidizi au mzee wa kijiji, watie sahihi. Anayetoa ushahidi wa uongo abebe jukumu la kisheria. Kwa njia hiyo mzigo wa kuzuia wizi unamwendea mwenye nia ya kuiba na kumwacha mwenye ngozi kavu.

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Kila kituo kiandike ni wangapi walikataliwa, wa umri gani, na walilipwa baada ya siku ngapi, na wizara zitangaze namba hizo pamoja na zile za walipwaji hewa wanazojivunia kuwaondoa. Bila takwimu ya upande wa pili, sifa ya orodha safi ni nusu ya hesabu.

Hatua ya nne ni ya Jumuiya yenyewe. Wilaya za Busia na Tororo na kaunti ya Busia zina kila sababu ya kuwa mahali pa majaribio, ambapo ushahidi wa kiongozi wa kijiji wa upande mmoja unapokelewa upande wa pili, na orodha mbili zinalinganishwa ili kumwondoa anayelipwa mara mbili bila kumwacha asiyelipwa hata mara moja. Busia ilishawahi kuwa maabara ya malipo ya wazee wakati hakuna aliyejua kama yangewezekana.

Kwa sasa, fungu lijalo la malipo litakapotangazwa, wapo watakaoanza maandalizi usiku wa kuamkia siku hiyo. Watapaka mafuta vidoleni, wataacha kuosha vyombo, wataficha mikono kwenye leso isipigwe na upepo. Watamlipa mwenye boda boda na kupanga foleni kabla jua halijachomoza. Kama watarudi na fedha au la kutategemea ofisa aliyepo mezani, na kama ameruhusiwa kuamini macho yake mwenyewe.